Spea ni ileile, karatasi ina jina lingine: historia ya De Havilland Canada kwa wenye Twin Otter na Dash 8

Kuna swali tunaulizwa mara kwa mara na wateja wetu wenye ndege za Twin Otter na Dash 8, maana sisi tunauza spea zake. Mtu kapokea mzigo, kafungua boksi, spea yenyewe iko sawa na namba inalingana na katalogi, ila karatasi ya uthibitisho inayokuja na spea imeandikwa Viking, ile aliyonunua miaka ya nyuma iliandikwa Bombardier, na kibao cha ndege yenyewe kimeandikwa de Havilland. Hapo hapo simu inapigwa, jamani nimeuziwa feki?

Jina tofauti peke yake sio dalili ya feki. Tungeweza kuishia hapo ila tumeona bora tuieleze historia yote ya De Havilland Canada, kampuni iliyoziunda ndege hizi, maana kwenye spea za ndege hakuna habari ya kumwambia mteja "tuamini tu", mteja anatakiwa ajue mwenyewe kwanini karatasi inasoma hivyo, na akishajua hata siku akiletewa feki ya kweli ataigundua mapema.

Kampuni ilianza 1928 pale Toronto, Kanada, kama tawi la de Havilland ya Uingereza, kazi yake ikiwa kuunda ndege ndogo za Moth za kufundishia marubani wa Kanada. Mwaka uliofuata wakahamia Downsview, sehemu ambayo ikaja kuwa nyumbani kwao kwa miaka zaidi ya 90. Vita Kuu ya Pili iliwajaza kazi, walitengeneza Tiger Moth za mafunzo na Mosquito zaidi ya 1,100, ile ndege ya vita ambayo bodi yake ilikuwa ya mbao. Vita ikaisha, oda za jeshi zikakata, na ndo hapo walipofanya kitu ambacho sisi tunakiheshimu mpaka leo: waliwafuata marubani wa porini, wale wanaobeba mizigo na watu kwenda kwenye maziwa na misitu ya kaskazini mwa Kanada, wakawauliza nyie mnataka ndege ya namna gani. Aliyezunguka kukusanya majibu ni Punch Dickins ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa porini mwenye jina kubwa.

Majibu yale ndo yakazaa Beaver, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947. Milango yake ilifanywa mipana ili pipa la mafuta liingie kwa kuviringishwa, na mdomo wa kujazia oili ukawekwa ndani kwa rubani ili aongeze oili hata akiwa hewani. Zilitengenezwa 1,657 mpaka 1967 na nyingi bado zinaruka. Baada yake ikaja Otter 1951, Caribou 1958, Buffalo 1964, zote zina tabia ile ile ya kupaa na kutua kwenye kiwanja kifupi, kibovu, bila kulalamika. Huku kwetu zilifika mapema tu, Kanada ilikuwa na wakufunzi wa kijeshi Tanzania miaka ya 60 na jeshi letu likarusha Caribou, baadae Buffalo, na Kenya nao hivyo hivyo.

Sasa tufike kwenye Twin Otter yenyewe. Ilipaa mara ya kwanza 20 Mei 1965, injini mbili za PT6 kutoka Pratt & Whitney Canada, abiria 19, magurudumu hayakunjwi. Hilo la magurudumu watu wengine wanaliona ni ushamba ila muulize fundi anayehudumia ndege inayotua kwenye mchanga na changarawe kila siku, atakwambia kila kitu kisichokunjwa ni kitu kimoja pungufu cha kuharibika. Shirika la ndege la Tanzania lililoanza 1977 baada ya East African Airways kuvunjika lilikuwa nazo kwa ajili ya viwanja vidogo vya mikoani, na pale uwanja wa Wilson Nairobi zimepeleka watalii Maasai Mara miaka na miaka. Kule Maldives zinatua kwenye maji, Trans Maldivian ndo wana kundi kubwa kuliko wote duniani, na Aprili 2001 ni Twin Otter ya shirika la Kenn Borek la Calgary, Kanada, iliyoenda kumchukua daktari mgonjwa kwenye ncha ya kusini ya dunia wakati majira ya giza na baridi yameshaanza huko.

Ndege nzuri kabisa, ila wenye kampuni walikuwa wanabadilika tu, na mkanganyiko wa majina unaanzia hapa. Mwaka 1960 Hawker Siddeley ya Uingereza ilimeza de Havilland nzima pamoja na tawi la Kanada. 1974 serikali ya Kanada ikainunua ili isife, kipindi hicho wanaunda Dash 7, ya injini nne na abiria 50, iliyoruka 1975. Ikafuata Dash 8 iliyopaa 20 Juni 1983. Alafu 1986 serikali ikaiuza kwa Boeing, na ndomana kuna ndege na nyaraka za miaka ile zinasoma Boeing, de Havilland Division, msishtuke mkiziona. Boeing ndo wakafunga laini ya Twin Otter na ya Dash 7 mwaka 1988, Twin Otter ikaishia kwenye ndege ya 844.

Boeing walipotaka kutoka, walipatikana wanunuzi wa Ufaransa na Italia, wale wale wanaounda ndege za ATR, mshindani wa Dash 8. Oktoba 1991 Tume ya Ulaya ikaukataa huo mpango, ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria yao mpya ya kuungana kwa makampuni kutumika kuzuia dili, hoja ikiwa soko la ndege za pangaboi lingebaki mikononi mwa mtu mmoja. Sisi huwa tunalifikiria hili tukiwa pale uwanja wa Dar, ATR za Precision Air upande huu na Q400 (toleo refu la Dash 8) za ATCL, yaani Air Tanzania, upande ule, kumbe kidogo tu zingekuwa za kampuni moja na oda zote za spea zinaenda mlango mmoja. Mwaka 1992 Bombardier wakaichukua wakishirikiana na serikali ya jimbo la Ontario, wakaikuza Dash 8 mpaka Q400 iliyoruka Januari 1998, na huku Tanzania toka ATCL ilipopokea za kwanza Septemba 2016 watu wengi wanaijua kwa jina hilo tu, Bombardier.

Turudi nyuma kidogo maana sehemu hii ndo tunayoipenda kuliko zote. Mwaka 1970, kule Sidney, British Columbia, upande wa bahari ya Pasifiki, fundi mmoja mzaliwa wa Norway anaitwa Nils Christensen alifungua karakana ya kukarabati ndege, akaiita Viking Air. Karakana kweli, sio kiwanda, walikuwa wanarekebisha ndege za majini na za porini. 1983 wakapata haki ya kutengeneza spea za Beaver na Otter kwasababu de Havilland wenyewe walikuwa wameshahamishia akili kwenye ndege kubwa, ndege za zamani ziliwachosha. Ila wenye Beaver walikuwa bado wapo, kila siku wanahitaji bawaba, bomba, kipande cha bawa, na Viking wakawa ndo sehemu ya kukimbilia. Kampuni ikakua hivyo hivyo kwa spea, taratibu, miaka zaidi ya 20.

Februari 2006 Bombardier wakawauzia Viking vyeti vya aina vya ndege zote za zamani, kuanzia Chipmunk ya 1946 mpaka Dash 7. Mafundi wanakiita taipu setifiketi, na hapa tunaomba msome taratibu. Mwenye hicho cheti ndo mwenye michoro na hesabu zote za ndege, ndo anayeidhinisha spea itengenezwe vipi, ndo anayetoa maelekezo ya ukarabati ikigundulika kuna sehemu inapata ufa, na ndo anayewajibika mbele ya mamlaka ya nchi yake, kwa hizi ni Transport Canada, ambayo ikitoa agizo la usalama na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, inalifuatilia hapa. Ndege ambayo cheti chake hakina mtu wa kukisimamia ni yatima, inaweza kuwa nzima kabisa leo lakini siku ikipata tatizo jipya hakuna wa kumuuliza.

Viking hawakuishia kwenye spea. Aprili 2007 walitangaza wanaanza kuunda Twin Otter upya, na ya kwanza ilikabidhiwa 2010 kwa shirika la Zimex la Uswisi. Namba yake ya kiwandani ilikuwa 845. Yaani waliendelea pale pale hesabu ilipoishia miaka 22 nyuma, tunadhani hakuna namna nzuri zaidi ya kuwaheshimu waliowatangulia. Vipande vilitengenezwa Sidney, ndege ikaunganishwa Calgary.

Wakati huo Bombardier anazidi kuuza. Ndege yao ya jeti ya C Series ikaenda Airbus 2018 ikawa A220, hizo hizo ATCL wanazorusha. Q400 na Dash 8 zote zikanunuliwa na Longview, kampuni mama ya Viking, dili likafungwa 3 Juni 2019, na pamoja na ndege wakapata tena jina la De Havilland Canada. CRJ, jeti zao ndogo, zikaenda Mitsubishi 2020, kwahiyo wateja wetu wa upande wa Uganda na Rwanda mkiwa na swali la CRJ900 njia yenu ni nyingine kabisa, msitume oda kwa De Havilland mkakaa mnasubiri. Mwaka 2022 jina la Viking likawekwa pembeni na vyote vikawa De Havilland Aircraft of Canada. Laini ya kuunda Q400 mpya ilisimama 2021 na Downsview wakaondoka, wana mpango wa kiwanda kipya mashariki ya Calgary, ila huduma ya spea kwa ndege zilizopo inaendelea, na hilo ndo linalomgusa mteja wetu.

Kuna wanaosema si bora ununue popote ilimradi kipimo kinafanana. Tuwakumbushe 2007, Q400 tatu za SAS, shirika la ndege la Skandinavia, zilipata ajali za magurudumu ndani ya wiki chache, mbili Septemba na moja Oktoba, na shirika likaziondoa zote kazini. Zile mbili za kwanza shida ilikuwa kutu kwenye nyuzi za kifaa kinachokunja na kushusha gurudumu, ya tatu ilikuwa kiringi kidogo cha mpira kilichoziba valvu. Hakufa mtu, Mungu alisaidia. Lakini kilichofuata ni kwamba mwenye cheti na mamlaka walitoa maagizo ya kukagua ndege zote za aina ile duniani, na ukaguzi huo unawezekana tu kama kila kifaa kina rekodi inayosema kilitoka wapi na kimetumika kiasi gani. Spea isiyo na historia inavunja huo mnyororo na wewe mwenye ndege ndo utabaki nayo.

Sasa tunavyofanya sisi mzigo ukifika. Karatasi ya Viking iliyosainiwa 2012 bado ni halali leo, haihitaji kuandikwa upya kisa jina limebadilika, na ya Bombardier kwa Dash 8 hivyo hivyo, cha kuangalia ni kwamba kampuni iliyosaini ilikuwa na idhini tarehe ile. Kwa hiyo spea ya Twin Otter yenye karatasi ya Viking ya 2012 iko sawa, ila ukiletewa karatasi ya Viking yenye tarehe ya 2003 inayodai Viking ndo mwenye cheti cha Twin Otter, hapo simama, maana walikuwa hawajakinunua. Namba ya spea nayo inaweza kubadilika kwa halali, ya zamani inafutwa inakuja mpya, lazima iwepo kwenye katalogi ya sasa kwamba hii imechukua nafasi ya ile, na iwe inaruhusiwa kwa namba yako ya kiwandani. Sili na vitu vyote vya mpira tunaangalia tarehe ya kutengenezwa hata kama boksi halijawahi kufunguliwa. Injini ni Pratt & Whitney Canada, propela za Twin Otter ni Hartzell, za Q400 ni Dowty, hizo hazimo kabisa kwenye hii historia na karatasi zake zinatoka kwao.

Kwahiyo ukituandikia kuomba bei tutumie namba ya kiwandani ya ndege, sio namba ya usajili peke yake, na picha ya kibao cha spea ya zamani ikiwa bado ipo, na kama una karatasi unayoitilia shaka ipige picha pande zote mbili. Tutaisoma na kukujibu hata kama spea hukununua kwetu, hiyo hatuchaji.