Kabula, nishauri kuhusu simu ya Makoroboi

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Kabula,

Mwangaluka, mwenzangu. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba mguu wa mama mkwe umepata nafuu. Sisi huku wazima. Nimekaa kimya tangu msiba wa kwa kina Shija, nisamehe. Leo nimepata nafasi kwa sababu mbalamwezi imekomaa, mitumbwi ya dagaa imelazwa, na Mwaloni kumepoa mpaka giza lirudi.

Nakuandikia kwa ajili ya simu. Usiseme ni jambo dogo, wiki nzima limeninyima usingizi.

Ile simu yangu unayoijua imefika mwisho wake. Ufa wa kioo nilishauzoea, lakini mwezi uliopita programu ya benki ilikataa kufunguka, ikaandika kwamba mfumo wa simu ni wa zamani mno. Mteja wa Lubumbashi alikuwa anasubiri nithibitishe hela yake imeingia, na magunia yalishapakiwa kwenye mkokoteni. Ikabidi nipande bodaboda hadi benki, nikapange foleni kwa kitu cha dakika moja. Siku hiyo niliamua lazima nibadilishe.

Sasa pale Makoroboi kuna kijana anauza Samsung Galaxy Note 9 iliyotumika, anataka laki tatu na nusu. Kabula, ile ni simu! Ilitoka Agosti 2018 ikiwa ya watu wenye fedha zao, na hata leo ukiishika unalijua hilo. RAM yake, ile memori ya kuendeshea programu, ni GB 6, memori ya kuhifadhi GB 128, na unaweza kuongeza kadi. Nilitoka nayo juani saa saba mchana na kioo kilisomeka vizuri. Lenzi zake za nyuma zinajituliza mkono ukitikisika. Nilirekodi video huku natembea kwenye yale mawe ya mtaani na picha haikuyumba. Unajua biashara yangu inategemea picha. Mnunuzi wa mbali hanunui dagaa kwa kusimuliwa, anataka aone kama walianikwa kwenye vichanja au mchangani.

Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hela, ndipo nikafungua mipangilio. Mfumo wake ni Android 10. Simu hiyo ilikuja na Android 8.1, ikapanda 9, ikapata 10 mwanzoni mwa 2020, ikakomea hapo. Kiraka chake cha mwisho cha usalama ni cha 2022. Kijana akaniambia, "Dada, si inawaka? WhatsApp si inafunguka?" Ni kweli, WhatsApp inafunguka. Ila swali langu halikuwa hilo.

Unakumbuka mafundi wa mitumbwi wanavyoziba kwa pamba nafasi za kati ya mbao? Mtumbwi unaweza kuwa na mbao safi na mashine mpya, lakini mwaka upite bila mtu kuangalia ile pamba, maji yanaanza kuingia taratibu, na ukiwa nchi kavu huoni kitu. Simu hii naiona hivyo hivyo. Google wamekuwa wakitoa taarifa ya matundu ya usalama ya Android kila mwezi tangu 2015, na taarifa hiyo iko wazi kwa kila mtu. Simu inayopata viraka inazibwa. Isiyopata inabaki na matundu yale yale, na mwizi ameshaelekezwa yalipo.

Ingekuwa hela zangu peke yangu labda ningethubutu. Lakini mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu, Kabula. Akiba ya akina mama ishirini na wawili inapitia mkononi mwangu, wengine wanaweka elfu mbili mbili walizopata kwa kuparua samaki. Nikiibiwa kwa njia hiyo, nitawaambia nini? Kwamba kamera ilikuwa nzuri?

Masanja ananiambia niinunue tu, ataufuta mfumo wake na kuiwekea LineageOS, mfumo wa watu wanaojitolea kuendeleza simu zilizoachwa na watengenezaji. Kazi yao naiheshimu sana. Ila ukishafungua kufuli la mfumo wa simu, programu nyingi za benki hugoma, na mimi nimekimbia ugomvi wa benki. Kwa Masanja mwenyewe anayechezea simu nne kwa mpigo, sawa. Kwangu hapana.

Halafu kuna Galaxy A16 mpya, ya 2024, ambayo huku bei yake inakaribiana na hiyo. Hiyo iliahidiwa masasisho kwa miaka 6. Betri yake ni ya mAh 5000 na haijachoka, wakati ile ya Note 9 ilikuwa ya 4000 ilipokuwa mpya, na sasa sijui imebaki na nguvu kiasi gani. Lakini niliyoishika dukani ilikuwa na RAM GB 4, ukifungua vitu vitatu inavuta pumzi kwanza, na video yake nikitembea inaruka. Kinachoniuma ni kwamba kifaa chenye nguvu kinaachwa bado kizima, kisa tu aliyekitengeneza ameacha kukihudumia. Kile kioo, zile lenzi, ile kalamu yake, vyote vizima kabisa! Siku hizi wameanza kurefusha, Pixel 8 ya Google ya 2023 iliahidiwa miaka 7, na Galaxy S24 vile vile mwaka uliofuata, lakini hizo si za mfuko wangu.

Jana niliwaza ninunue Note 9 iwe ya picha tu, bila laini, na hela nizishike kwenye kisimu cha kubonyeza. Mama Ngolo akasema simu mbili sokoni ni kuita vibaka. Hata hivyo wazo hilo halijanitoka.

Sasa nisaidie. Kariakoo A16 ni shilingi ngapi, na ipo ya RAM kubwa zaidi? Kaka yako bado yuko pale kwenye ghorofa la simu? Muulize, Note 9 iliyokwisha kufunguliwa na fundi bado inazuia maji, au ndiyo basi? Na wewe ile yako inakupa viraka mpaka lini, umewahi kuangalia? Ungekuwa mimi, na kikoba mkononi, ungefanyaje? Nijibu kabla ya Alhamisi, kijana amekubali kuniwekea hadi siku hiyo, na giza likirudi sitakuwa na muda hata wa kula.

Wasalimie wote hapo. Mwambie Kulwa kofia yake bado ninayo.

Wako,
Minza