Masika Unguja: fungueni au fungeni

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukusumbua kwa barua. Leo imenibidi, kwa sababu ya ile habari yenu ya utalii wa ndani, yenye picha ya bembea katikati ya minazi, iliyotuhimiza wananchi twende Unguja wakati wa masika kwa kuwa wageni wa nje wamepungua na bei zimeshuka. Mwandishi wenu kazungumza na wenye hoteli tu. Mgeni hata mmoja hakuulizwa.

Mimi na baba watoto tulikwenda Mei iliyopita, upande wa Jambiani. Watoto wameshaondoka nyumbani, tukasema na sisi tupumzike. Mvua haikutushangaza, masika ni Machi hadi Mei, hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Bahari nayo ilikupwa ikasogea mbali kabisa, ukabaki kuwatazama kina mama kwenye mashamba yao ya mwani. Hiyo ni kazi ya Mungu, simlalamikii mtu, ingawa picha ya tangazo ilipigwa maji yakiwa yamejaa pomoni.

Kilichonikera kilianzia mapokezi. Kijana alituamkia vizuri, “Shikamoo mama, shikamoo mzee,” tukamwitikia, kisha kwa sauti ileile ya adabu akauliza kama tumekuja na cheti cha ndoa. Mhariri, nina mvi. Mume wangu anatembelea mkongojo. Tumeoana zaidi ya miaka thelathini na wajukuu tunao, halafu kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho anataka nimthibitishie kwamba huyu mzee si wa kuokota bandarini! Ningenyamaza kama huo ungekuwa utaratibu wa kila mtu. Lakini nyuma yetu waliingia vijana wawili wa Kizungu, mabegi mgongoni, wakapewa ufunguo na maji ya madafu bila hata kuulizwa wanajuana tangu lini. Sisi tukasimama pale, mume wangu akimpigia simu binti yetu apekue kabati letu kule Tabata, apige picha cheti, aitume. Kilipofika, kijana akakikuza kwenye simu akakisoma mpaka majina ya mashahidi.

Chumbani nako, umeme ulikatika magharibi na jenereta haikuwashwa kwa sababu, tuliambiwa, wageni ni wachache. Mpishi yuko likizo hadi Juni. Bwawa lina maji ya mvua na majani. Tukala kijijini, pweza wa nazi na chapati kwa mama mmoja jirani, na nasema kweli hicho ndicho kitu pekee kilichostahili nauli ya boti. Asubuhi tukakumbushwa kwamba tumepewa nusu bei. Nusu bei ya nini? Ni sawa na kinyozi akunyoe upande mmoja kisha adai amekupunguzia.

Na bei yenyewe ilibandikwa ukutani kwa dola. Mwaka 2025 serikali ilitoa kanuni za kukataza bidhaa na huduma za humu nchini kutajwa bei kwa fedha za kigeni, nasi tukashangilia. Nilipomwonyesha kijana ile karatasi ya bei, alitabasamu, akatoa kikokotoo, akazidisha kwa kiwango ambacho sijui alikiokota duka gani la kubadilishia fedha. Mtanzania ananunua tiketi ya boti kwa shilingi, analala nchini mwake, halafu analipa kwa hesabu za Marekani. Hilo nalo mngelichunguza mkipata nafasi katikati ya picha za minazi.

Wanaohusika na hoteli nawapa ushauri wa bure. Kila nyumba ya wageni inayobaki wazi masika itundike langoni ubao mweusi wa chaki, futi mbili kwa tatu, ili mgeni ausome kabla hajashusha begi: mpishi yupo au hayupo, jenereta inawashwa saa ngapi, bwawa ni la kuogelea au la vyura, bei ni shilingi ngapi. Ambaye hawezi kuujaza afunge lango hadi Julai, naye aende likizo na mpishi wake. Cheti cha ndoa kikiulizwa, waulizwe wote, na wa kwanza awe yule anayelipa dola.

Mke halali wa mume wangu,
Tabata, Dar es Salaam