Yasini, besi yako haina kosa

Isevya, Tabora

Kaka Yasini,

Habari za Ujiji? Huku wazima, umeme tu ndio unatutesa.

Wimbo nimeupata. Unasema besi haisikiki na mwimbaji kafunikwa, ukipandisha hiki kile kinazama. Matokeo yake umepandisha vyote mpaka vinakwaruza! Nimekipitisha kila chombo peke yake kwenye analaiza, ile programu inayochora frikwensi, yaani uzito na wembamba wa sauti kwa hesabu ya Hz: namba ndogo sauti nzito, kubwa sauti nyembamba. Besi imo tele. Uzi wake mnene ukipigwa wazi unatoa kama Hz 41, na mchoro unauonyesha vizuri. Anayeisumbua ni kiki, ile ngoma nzito ya kompyuta: imejazana Hz 60 na mkia wake mrefu, haujaisha noti ya besi imeshaingia juu yake. Ufupishe mkia huo kwanza, ndipo ushike ikwalaiza, ya kupandisha na kushusha frikwensi.

Kazi yenyewe iko kwenye magita. Umepanga solo, second solo na rithimu kama dansi la zamani, na mimi mtu wa mji wa bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe siwezi kukukataza. Ila kati ya Hz 200 na 400 mchoro umeota mlima: rithimu, tumba na mvumo wa chumba, vyote hapo. Rithimu ikate chini ya Hz 120, kisha ipunguze desibeli 3 kwenye 300. Ukiisikiliza peke yake utaona imekonda, utataka kuirudisha. Usiirudishe. Sikiliza bendi nzima.

Second solo nayo inagombana na mwimbaji kati ya Hz 2,000 na 4,000, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko kwingine kote. Mpunguzie mpiga gita hapo wakati wa mashairi tu. Sebene likianza, mwachie atambe.

Halafu usije ukausawazisha mchoro uwe tambarare kama meza. Nyimbo nyingi mstari wake unateremka kadiri unavyokwenda kwenye frikwensi za juu, na ndivyo masikio yalivyozoea. Ukiulazimisha ulale, kayamba zitakutoboa.

Najua unamiksi usiku kwa sauti ya chini, watoto wamelala. Basi besi usiiamue saa hizo. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walishapima tangu 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kuliko vingine, nawe utaizidisha. Ijaribu pia kwenye simu. Kispika chake hakiwezi kutoa Hz 41, sikio linaikisia besi kutokana na milio yake ya juu zaidi, kwa hiyo ipandishe kidogo kwenye milio hiyo badala ya kuongeza huko chini.

Ukimaliza nitumie WAV, faili la sauti lisilobanwa, si ile iliyobanwa na WhatsApp. Na tumba, ukishapunguza rithimu, usiziguse kabisa. Hivi ni nani kazipiga?

Nduguyo,
Shabani