Watoto wetu waujue mpingo ungali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachongaji wenzangu, walimu na wazazi.

Mimi ni mchonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam. Kila Jumamosi tunakaa na watoto wa mtaa wetu kwenye kibanda chetu cha kazi. Tumewapa gogo moja la mwembe walichonge kwa pamoja, liwe ujamaa wao, yaani kinyago cha watu waliobebana katika gogo moja. Tezo hatujawaruhusu, wanatumia patasi ndogo, tupa na msasa. Nilipowaambia kuwa kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ni jina la mti, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe na wazee walilainishia miti kwa majani hayo, hawakuamini.

Jumamosi moja binti wa miaka tisa aliokota kipande cha mpingo. Akakigeuza, akapapasa weusi wa ndani na ule weupe wa pembeni, akaniuliza: "Babu, mti wenyewe ukoje? Nataka kuuchora." Tulikuwa wachongaji watano. Vijana watatu, wote wazaliwa wa mjini, wakaangaliana. Wanachonga mpingo mwaka hadi mwaka na hawajawahi kusimama chini ya kivuli chake.

Niliona aibu kwa niaba yetu sote, maana kosa ni letu tuliowafundisha. Nikachora mchangani: shina la kijivu lililopindapinda, matawi ya miiba, vijani vidogo, maua meupe yanayonukia, maganda ya mbegu membamba kama karatasi. Nikawaambia mti huu huchukua kama miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na kwamba moto wa porini huunguza miche yake ingali michanga. Gogo ninalolimaliza kwa wiki mbili liliota kabla sijazaliwa. Wakanyamaza.

Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge waliujua mti huo tangu porini. Roberto Yakobo Sangwani, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa ujamaa katika miaka ya 1950, alikuwa mmoja wao. Katika mtindo huo watu wameshikamana, huyu kambeba yule, na wote wametoka katika gogo moja. Kinyago cha namna hiyo kinataka gogo nene. Kibandani kwetu siku hizi magogo ya hivyo tunayaona kwa nadra, na nyingi ya kazi zetu zinaenea kiganjani.

Ombi langu ni hili. Wilayani Kilwa wapo wanavijiji wanaotunza misitu yao wenyewe, kama Sheria ya Misitu ya 2002 inavyowaruhusu. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa kuvuna kwa utaratibu. Vikundi vyetu vifunge safari kwenda kwa watu kama hao, tununue kwao kwa risiti, hata kama bei itazidi ile ya gogo lisilojulikana lilikotoka. Na tusiende peke yetu. Likizo ya shule tuwachukue watoto, wakae na wazee wa kijiji, wauchore mpingo wakiwa mbele yake, warudi na mbegu. Walimu wakuu watupe kona ya uwanja wa shule tuipande, na watoto wapokezane kumwagilia darasa kwa darasa. Najua watakaoipanda hawataichonga. Hata sisi hatukupanda tunayochonga.

Gogo lao la mwembe linakaribia kwisha. Wamechonga mama mwenye ndoo, mvuvi, na mtoto kapanda begani kwa bibi. Juu kabisa wameacha sehemu ya kiganja kizima haijaguswa. Wanasema hapo utakaa mpingo, wakishauona.

Mchonga vinyago,
Mwenge, Dar es Salaam