Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lambo Letu na Skrepa ya Zamani

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida mnazijua. Mifugo imenyweshwa kwa zamu, uzio wa upande wa utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, umewekwa miiba mipya, mlinzi amelipwa, kamati imekaa vikao vyake. Mapato ya mwaka ni shilingi 9,310,000, matumizi 8,640,000, baki 670,000. Ndani ya matumizi hayo, 6,120,000 zimekwenda kwenye kufufua skrepa, ile mashine yetu ya kukwangua na kubeba udongo, na hapo ndipo maneno yalipo. Nitayajibu.

Inasemwa kwamba mwenyekiti alimfukuza mnunuzi wa chuma chakavu aliyekuja kuinunua kwa shilingi 1,600,000 taslimu. Nilimkatalia, ndiyo, na kamati ikaniunga mkono kwa kura. Lambo limejaa tope. Zamani maji yalitufikisha mwezi wa kumi na moja. Sasa mwezi wa nane ng'ombe wanakanyaga matope. Eskaveta, mashine ya kuchimba, tuliyoulizia ilitakiwa shilingi milioni 1 kwa siku, bila mafuta na bila gharama ya lobedi, lile trela la kubebea mitambo, ya kuileta. Fedha ya yule mnunuzi ingeisha kwa kazi ya siku moja, na skrepa ingekuwa imeshayeyushwa.

Wazee wetu wanaikumbuka skrepa hii tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Ni ya kukokotwa: kisu kinakwangua udongo, sanduku linajaa, mlango wa mbele unafungwa, kisha ukifika kwenye tuta ukuta wa nyuma unasukuma mzigo nje. Yetu inabeba kama mita 3 za ujazo, karibu tani 4 na nusu kwa mkupuo.

Lawama ya pili ni kwamba tumeondoa kamba zake za chuma. Zamani kamba hizo zilitoka kwenye winchi, mtambo wa kuvutia kamba, yenye madaramu mawili nyuma ya tingatinga. Moja iliinua sanduku, nyingine ilifungua mlango na kuvuta ule ukuta. Tingatinga lenye winchi hiyo hatuna. Isitoshe, kamba huvuta tu, haisukumi. Kisu kilikuwa kinazama kwa uzito wa skrepa yenyewe, na udongo wetu wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji, mnaujua. Jeki ya haidroliki, inayosukuma kwa shinikizo la mafuta, inakikandamiza kisu chini. Ndiyo maana mimi mwenyewe nilisisitiza tununue jeki za bekho (trekta lenye mkono wa kuchimbia) lililokatwa, ili trekta la kukodi lenye mipira ya haidroliki liweze kuivuta na kuiendesha. Fundi alitaka kisu kipya. Mimi ndiye niliyeona kwamba cha zamani kina makali pande zote mbili, tukakigeuza, fedha ikaokoka. Sakafu ya sanduku imechomelewa bamba jipya, beringi tumezipata Dodoma, matairi ni ya mtumba.

Siku ya majaribio skrepa ilijaa, ikabeba, ikamwaga. Waliofika kushuhudia hawakuzidi kumi na wawili, na wenye malalamiko makubwa hawakuwemo. Jambo hili linaniumiza sana. Kati ya wanachama 84, waliolipa ada ya shilingi 24,000 ni 31 tu, tunadai 1,272,000. Mkutano wa Aprili uliahirishwa kwa kukosa akidi. Mtu asiyelipa wala kuhudhuria anapata wapi nguvu ya kuuliza fedha zimekwenda wapi? Risiti zote ziko kwa mweka hazina, kila moja ina saini yangu, na anayetaka kuzikagua aje.

Mwakani tunatumaini, Mungu akipenda, kuanza kuzoa tope lambo likishakauka, kuongeza kimo cha tuta, na pengine kuikodisha skrepa kwa vijiji jirani. Fedha ya dizeli bado haijapatikana. Wenye madeni wamwone mweka hazina leo, kabla hawajaondoka hapa.