Barua ya wazi kwa Rais wa Baraza la Rufani la Forodha na Ushuru wa Bidhaa, New Delhi: rufani zilizofutwa kwa kukosa kibali

Mheshimiwa Rais wa Baraza,

Tunakuandikia kuhusu rufani za mashirika ya umma ya India zilizofutwa kwa sababu moja tu, kukosa kibali cha Kamati ya Migogoro, kamati ya serikali iliyokuwa ikiamua kama shirika la umma na idara ya serikali waendelee na shauri mahakamani. Tunaomba utoe mwongozo mmoja kwa majopo na masjala zote: zirejeshwe, na zirejeshwe kwa namba zake za zamani.

Chanzo unakijua. Kuanzia 1991, katika mashauri ya shirika la mafuta la ONGC, Mahakama ya Juu ilielekeza kwamba shirika la umma na idara ya serikali wasiburuzane mahakamani bila kamati kuridhia. Tarehe 17 Februari 2011, katika shauri la Electronics Corporation of India, majaji watano wakiongozwa na Jaji Mkuu S. H. Kapadia waliziondoa amri hizo. Waliona kibali kinachelewesha mashauri, na kwamba kamati ilimruhusu huyu na kumnyima yule kwa suala lile lile.

Sharti liliondoka, lakini rufani hazikufufuka zenyewe. Tazama amri ya kuzifuta: mistari michache tu. Kibali hakijaletwa, rufani inafutwa, mrufani anaweza kuomba irejeshwe akikipata. Hakuna neno hata moja kuhusu kiwango cha ushuru wala thamani ya bidhaa. Na sasa ruhusa ile imefungwa kwenye karatasi ambayo hakuna tena ofisi ya kuitoa.

Maombi haya hukwama masjala yanapohesabiwa kuwa ya kusahihisha makosa chini ya kifungu cha 35C(2) cha Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 1944, chenye ukomo wa miezi sita. Siyo. Hakuna kosa linalosahihishwa, kizuizi kimeondoka. Kanuni ya 41 ya Kanuni za Utaratibu wa Baraza za 1982 inalipa Baraza uwezo wa kutoa amri zinazohitajika ili haki itendeke, na hapo ndipo maombi haya yanapokaa.

Kibaya zaidi ni kumwambia mrufani afungue rufani mpya. Miezi mitatu ya kukata rufani ilishapita siku nyingi. Tena, tangu 6 Agosti 2014 kifungu cha 35F cha sheria hiyo hiyo kinadai amana ya asilimia 7.5 au 10, kutegemea nani alitoa uamuzi unaopingwa. Rufani zilizokuwa zikisubiri kabla ya hapo hazikuguswa. Kwenye ushuru wa rupia 10,000,000, namba mpya inamgharimu mrufani rupia 750,000 au 1,000,000 kabla hajasikilizwa, ilhali alifika kwa wakati. Ndiyo maana tunasisitiza namba ya zamani.

Maombi yenyewe yawe mafupi: amri ya kufuta, barua yoyote ya kamati, hukumu ya 2011, hati ya kiapo inayotaja tarehe rufani ilipofunguliwa, na ada ya rupia 500, ambayo idara ya ushuru hailipi. Jalada likiwa limeteketezwa, mrufani alete upya fomu ya rufani, EA-3, nakala nne pamoja na uamuzi unaopingwa, nakala yake moja ikiwa imethibitishwa.

Kuna walionyimwa kibali waziwazi, na hapa tunajua watu wenye nia njema hawakubaliani. Kwetu sisi, kunyimwa kibali na kamati si hukumu juu ya kodi. Nao wasikilizwe. Aliyekaa kimya miaka bila sababu aeleze ucheleweshaji wake, awe shirika au idara.

Mwisho, kila amri ya kurejesha itamke hali ya zuio la malipo, yaani amri inayozuia ushuru usikusanywe wakati rufani inasubiri. Rufani ilipofutwa, zuio lilikufa nayo. Amri isipolitaja, afisa makusanyo anaweza kufunga akaunti ya benki wakati rufani imeshapangiwa tarehe.

Wako katika utumishi,
Mawakili na washauri wa kodi