Kwa nini wimbo wako haulii kama ule unaoupenda

Wasanii wengi wanaopanda ngazi za studio yetu hapa Igoma huja na nyimbo mbili kwenye simu: wimbo wao wenyewe, na wa msanii wanayempenda. "Kaka, nataka wangu ulie kama huu." Ni ombi la haki, na mojawapo ya njia tunazotumia ni kulinganisha ikwalaiza, yaani kile kifaa cha kupunguza au kuongeza besi, sauti za kati na za juu.

Programu husikiliza wimbo wa mfano na kupima wastani wa nguvu ya sauti, kuanzia besi ya chini hadi sauti nyembamba za juu. Kisha hupima wako. Tofauti yake hugeuka mchoro: hapa punguza, hapa ongeza. Nyimbo zilizorekodiwa kwenye chumba chenye kuta tupu mara nyingi huwa na kilima kwenye mchoro huo kati ya hezi 200 na 500 (hezi ni kipimo cha unene au wembamba wa sauti: namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti nyembamba). Ndiyo ile sauti ya ndani ya pipa. Ukiupiga wimbo kama huo kwenye daladala ya Buzuruga, maneno yote yamezama.

Lakini programu haijui ngoma wala gitaa, inajua wastani tu. Kwaya moja ilituletea wimbo wenye ngoma za Kisukuma, na mfano wao ulikuwa Bongo Fleva ya biti ya kompyuta. Nililinganisha kwa asilimia 100. Tumbo la ngoma likapotea lote, na ngoma ndiyo iliyoubeba wimbo ule! Nikafuta, nikatafuta mfano wa kwaya yenye ngoma, nikashusha hadi asilimia 40, na chini ya hezi 100 sikugusa kitu. Mwalimu wao aliposikia, alianza kupiga makofi kwa mapigo yake.

Kwa hiyo tuletee mfano wa aina moja na wako, wenye vyombo vinavyokaribiana. Faili iwe WAV, ile isiyobanwa, maana MP3 iliyobanwa sana hukatwa sauti za juu, na programu itakata na zako.

Na kama unazo, leta faili ya kila chombo peke yake. Sauti ya mwimbaji na kinanda vikigombania hezi 3,000, ikwalaiza ya wimbo mzima haiamui ugomvi huo; ukipunguza kimoja umepunguza vyote. Hapo tunarudi kwanza kwenye miksi, yaani kupanga uwiano wa chombo kimoja kimoja, na tutakwambia hivyo kabla hujalipia masta, ile kazi ya mwisho ya kuunyoosha wimbo mzima.